Kiti cha Chuoni na Mkeka wa Hasira

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkeka. Jina hilo hakupewa na wazazi wake wala na mumewe. Alipewa na watoto wa chekechea, na jina ukipewa na watoto halitoki hata ujisugue kwa mchanga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na magoti yake yalikuwa yameota sugu kwa sababu kazi yake aliifanyia sakafuni. Alikuwa na msemo wake: anayefundisha watoto wadogo akiwa amesimama anafundisha utosi wao, masikio hayamhusu.

Shule aliiacha mapema, mama yake alipougua na wadogo zake wakawa hawana wa kuwaosha wala kuwapikia. Akawalea. Alipomaliza kuwalea akaolewa na fundi cherehani mwenye maneno mengi, akalea wake. Kwa hiyo siku jirani yake alipokuja kusimama mlangoni na kumwambia, "Mume wangu ameuza gari, gereji iko tupu, tuweke watoto?" yeye hakuuliza maswali mengi. Alisema, "Tuweke," akachukua ufagio.

Walikwangua mafuta meusi ya gari sakafuni mpaka kucha zikawaishia. Wakapaka kuta rangi ya bluu iliyobaki kwa mtu. Herufi wakazining'iniza kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio. Jirani akawa Mkuu wa shule, maana ndiye aliyekuwa na diploma ya ualimu na ndiye mwenye gereji. Lakini wao kwa wao waliitana Pacha. Pacha njoo, Pacha shika hapa, Pacha umekula? Mmoja akiumwa jino, mwingine anashika shavu.

Na mkeka ulianza hivi. Siku za mwanzo palikuwa na mtoto mng'ataji, mwenye meno kama ya panya. Aking'ata, Mkuu anapiga kelele. Mkuu akipiga kelele, anang'ata tena. Mama Mkeka, ambaye siku hizo alikuwa bado hajaitwa hivyo, akautandika chini ya dirisha mkeka aliokuwa akikalia mwenyewe. Akamwambia mtoto, "Kaa hapa na hasira yako. Hakuna atakayekusemesha. Ikiisha, simama useme kilichokuuma."

Mtoto akakaa. Akauchuna mkeka nyuzi upande mmoja. Baadaye akasimama, akasema mwenzake alimnyang'anya kofia. Aliyenyang'anya kofia akaja mwenyewe, uso umemshuka, akasema, "Nimesikia. Ni mimi." Hakuna aliyemfundisha. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Aliye mkekani hasemeshwi. Akisimama, anasema. Hamnyooshei mtu kidole, kwa kuwa aliyeumiza anajijua. Na yeye aliyeumizwa hubaki amesimama hapohapo mpaka asikie yale maneno: nimesikia, ni mimi.

Wazazi walicheka, halafu wakaanza kuitumia nyumbani. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyependa kwenda mkekani hata kama hana hasira. Ukimuuliza anasema anaitafuta.

Gereji ikawa nyumba, nyumba ikawa shule yenye geti na kengele. Watoto walijaa. Mama Mkeka alikuwa amesoma masomo ya jioni akapata cheti cha malezi ya watoto, akisomea kwa miwani ya mumewe, na fundi wa watu akawa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Lakini cheti ni cheti tu. Mlangoni mwa darasa paliandikwa jina la mwalimu mwingine mwenye karatasi kubwa zaidi, awe yupo au ameshahama, na yeye chini yake akaandikwa msaidizi. Siku moja alimwita baba mmoja kumweleza kwamba mwanawe haoni vizuri, anasoma ubao kwa kukisia. Baba yule akamtazama juu mpaka chini. "Niitie mwalimu," akasema. "Wewe si msaidizi?"

Hilo neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakulilia. Lakini tangu hapo alijua anataka nini duniani. Alitaka kusoma mpaka digrii, aitwe mwalimu, na mtu akija mlangoni pale asiulize tena.

Basi mwaka mmoja, shule zilipokuwa zinakaribia kufungwa, Mkuu alirudi kutoka kwenye mkutano wa wakuu wa shule akiwa hata mkoba hajauweka chini.

"Pacha! Kaa chini."

"Nimekaa. Huoni?"

"Chuo kimefungua njia kwa watu kama wewe. Walio kazini. Huachi kazi, unasoma Jumamosi na likizo. Cheti chako kinaingia, na miaka uliyokaa na watoto wanaihesabu kama masomo. Kwanza diploma, halafu unaunganisha moja kwa moja na digrii. Kila shule inatoa mtu mmoja. Mkufunzi atakuja kutazama darasa, basi."

Mama Mkeka alikuwa anakunja vitambaa vya watoto. Aliendelea kukunja kile kimoja mpaka kikawa kidogo kama sabuni.

"Na shule yetu inamtoa nani?" akauliza.

"Unaniuliza mimi? Kwani tuna wangapi?" Mkuu akacheka, akamkumbatia. "Ni wewe, Pacha. Ni zamu yako."

Nyumbani mumewe alisimamisha cherehani. "Sasa nitakuita profesa au nitakuita mke wangu?"

"Niite utakavyo, miwani nirudishie."

"Miwani nilijua tu," akasema fundi. "Mwanamke akitaka elimu, mwanamume anapofuka." Lakini siku ileile alitafuta kitambaa cha kijani kibichi na kuanza kumshonea gauni la kumpokelea mkufunzi, na akamwekea mifuko miwili mikubwa, akasema wasomi wana vitu vingi vya kubeba.

Shuleni alikuwapo binti wa kaka yake Mkuu. Watoto walimwita Kucha, kwa zile kucha zake za rangi ndefu zilizomfanya ashike chaki kama anashika mdudu. Hakuwa mbaya. Alikuwa kijana mwenye cheti, aliyeletwa kazini na shangazi miaka michache nyuma kwa sababu nyumbani alikuwa analala mpaka mchana. Mtoto akijisaidia kwenye nguo, Kucha anaita, "Mama, njoo!" huku ameshatoka nje.

Siku chache baada ya ile habari Mkuu akasema, "Pacha, mfundishe huyu kidogo. Nyimbo zako, hadithi, na ule mkeka wako."

Mama Mkeka aliona ni jambo la busara. Akienda chuoni Jumamosi na likizo, nani atabaki na watoto? Akamfundisha. Akamwonyesha jinsi ya kuingia darasani kwa kuchuchumaa. Akamwambia ukitaka watoto wanyamaze usipaze sauti, ishushe. Akamfundisha wimbo wa kunawa mikono na ule wa kutafuta viatu, maana asiye na wimbo wa viatu hafiki nyumbani mapema. Kucha alijaribu, kwa kweli alijaribu, na siku moja akaja kucha zimekatwa. Mama Mkeka alifurahi. Alidhani anamwandaa mtu wa kumshikia darasa. Kumbe alikuwa anamwandaa mtu wa kumkalia kiti.

Siku ya mkufunzi ilifika. Gauni la kijani lilimkaa vizuri. Hata Chiriku, kitoto cha kike kisichofunga mdomo tangu kishuke tumboni, kilinyamaza kidogo kulitazama. "Mama Mkeka, leo unaolewa?"

"Leo natazamwa."

"Na nani?"

"Na mgeni. Kaa vizuri."

Mkuu aliingia na mkufunzi, mwanamume mrefu mwenye mkoba wa begani, mpole, wa kusalimia hadi watoto. Mkuu hakumtazama Pacha wake usoni. Alimgusa bega, akasema kwa haraka, "Leo aanze Kucha. Wewe kaa nyuma kwanza."

Kwanza. Neno dogo, lakini alilishika. Akakaa nyuma, akajiambia, labda wanataka kuona jinsi ninavyofundisha wenzangu. Mtu aliyeaminiana na mwenzake hukitafutia kila kitu maelezo mazuri, kama mama anayesema mtoto hana homa, amecheza juani tu.

Kucha akachuchumaa, akashusha sauti. Akaimba wimbo wa kunawa mikono, na watoto wakaitikia, wakigeuka nyuma mara kwa mara kumtazama mwenye wimbo. Mkufunzi alikuja kukaa kwenye kiti cha mtoto pembeni ya Mama Mkeka, magoti yamefika kidevuni. Akatazama kwa muda. Kisha akainama, akanong'ona kwa upole kabisa, kama mtu anayempa pole mfiwa:

"Wewe ndiye mama aliyekataa?"

"Nilikataa nini?"

"Nafasi ya chuo. Mkuu wako ametueleza. Kwamba ulisema umri umekwenda, mambo ya shule basi, ukaomba apewe binti. Si vibaya, mama. Watu wengi hawana moyo wa kumpisha kijana."

Mama Mkeka aligeuka. Akamtafuta Mkuu kwa macho. Mkuu alikuwa mlangoni, anaitazama dari kana kwamba inavuja.

Mtu angetegemea kelele. Wapo wanawake ambao wangevua kiatu. Yeye alisimama, akalikung'uta gauni lake la kijani, akapita katikati ya watoto, akaenda chini ya dirisha, akakaa mkekani.

Darasa lote likazima. Kucha aliacha wimbo katikati, mikono imebaki hewani inanawa maji yasiyokuwapo. Kwa miaka yote hakuna mtoto aliyewahi kumwona mtu mzima pale.

"Pacha," Mkuu akasema kwa kicheko kikavu, "inuka bwana, tuna mgeni."

"Mkuu!" Chiriku akaruka. "Hasemeshwi! Yuko mkekani!"

"Wewe mtoto, kaa chini."

"Shhhh!" Darasa lote, vidole midomoni. Mkuu wa shule alinyamazishwa na watu waliokuwa hawajui kufunga kamba za viatu.

Mama Mkeka alikaa. Aliushika ule upande uliochunwa nyuzi, akachuna na yeye. Mkufunzi alikuwa ameacha kuandika. Kisha Mama Mkeka akasimama, hakutoka mkekani, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Nimeumia. Mimi sikukataa. Kuna mtu amenisemea maneno ambayo sikuyasema."

Akanyamaza, akabaki amesimama, kama sheria inavyotaka. Hakunyoosha kidole.

Watoto wakaanza kugeuka huku na huku kumtafuta mwenye kosa, maana kwao jambo hili lilikuwa na mwisho wake na walikuwa wanaungoja. Hakuna aliyetoka. Walingoja tena. Mkuu alikuwa ameshika kitasa. Wale wadogo wakaanza kuvuta pumzi kwa mdomo. Ukimya ule ulikuwa mzito mno kwao, hawakuwahi kuubeba. Mwishowe mtoto mmoja mnene, ambaye kila siku kosa huwa lake, akasimama machozi yanamlengalenga, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Nimesikia," akasema. "Ni mimi?"

"Si wewe, baba," Mama Mkeka akamwambia. "Leo si wewe. Rudi ukakae."

Hapo ndipo Mkuu alipocheka. "Watoto hawa! Wanatuiga kila kitu. Mwalimu, karibu ofisini, chai inapoa." Akatoka mbele. Mkufunzi akamtazama Mama Mkeka, akafungua mdomo, akakumbuka kwamba hasemeshwi, akaufunga. Akatoka naye.

Mkufunzi alirudi peke yake kabla ya kuondoka, akamkuta anawavalisha watoto viatu bila wimbo. "Mama," akasema, "nimeuliza. Majina yameshapelekwa. Anayependekeza ni mkuu wa shule, siyo sisi. Mwaka huu siwezi kitu." Alikuwa na haya, na haya zake hazikufungua mlango.

Watoto walipoondoka, Mkuu alimkuta jikoni anaosha vikombe.

"Umeniaibisha mbele ya mtu wa chuo."

"Nimekaa tu."

"Pacha, nisikilize. Nikikutoa wewe kila Jumamosi, kila likizo, na wiki za mitihani, wazazi watasema nini? Wanaleta watoto kwa ajili yako. Na ukishapata digrii utabaki hapa? Shule kubwa zitakunyakua. Kucha akienda, hakuna kinachopungua."

"Kwa hiyo kosa langu ni kufaa."

"Usinigeuzie maneno."

"Sijageuza, nimeyapanga yaonekane. Asiyefaa anapelekwa kusoma, anayefaa anafungwa hapa kama mbuzi wa maziwa. Halafu huyo mliyempeleka akirudi na digrii, mimi nitakuwa msaidizi wake." Akaweka kikombe juu ya kingine. "Hata hilo ningelielewa. Shule ni yako. Ungeniambia, 'Pacha, sikuachii.' Lakini umekwenda kwa watu ukawaambia mimi mwenyewe nimekata tamaa. Mimi! Umeniua ukiwa unanisifu."

"Ningekuambia ungelia."

"Ningelia. Halafu ningeinuka."

Mkuu alibaki anasugua meza iliyokuwa safi. Kama angesema yale maneno, hata kwa kunong'ona, hata kwa kugeuza uso ukutani, Mama Mkeka angebaki. Mwenyewe alilijua hilo, na ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba angemsamehe kwa bei rahisi namna ile, na bado mwenzake akashindwa. Mkuu akasema, "Kesho tutaongea, umechoka."

Kesho Mama Mkeka hakurudi. Alitoka na gauni lake la kijani na mifuko yake miwili mitupu. Mkeka hakuuchukua. Ulikuwa wake, kila mtu alijua ni wake, lakini alisema watoto bado wana hasira na hawana pengine pa kuziweka.

Nyumbani fundi aliacha utani siku nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea, mpaka mkewe akamwambia, "Sema kitu, unanitisha."

"Nawaza," fundi akasema. "Mifuko nilikosea. Ningekuwekea mmoja, usingerudi na miwili mitupu."

Mama Mkeka alipata kazi kwenye shule ndogo nyuma ya karakana za magari, pale ambapo nyundo hupigwa tangu asubuhi na watoto hujifunza kuhesabu kwa kuzisikiliza. Ile njia ya walio kazini ilikuwa haimchukui tena, maana kwa shule mpya alionekana mgeni, hana miaka. Miaka yake yote ilibaki kwenye mdomo wa Pacha. Basi akaenda kwa njia ndefu: akafanya mitihani ya sekondari pamoja na vijana waliomwita bibi, akaingia diploma kwa mlango wa kila mtu, kiti cha nyuma, miwani ya mumewe.

Mkuu alituma watu. Alituma kitambaa kizuri. Kikarudi kimekunjwa vilevile. Alituma salamu za sikukuu. Majirani wakasema mwanamke yule ana moyo wa jiwe, amesahau walivyokula sahani moja. Yeye akawajibu, "Mkekani hakuna zawadi. Kuna maneno mawili tu, na mtoto wa miaka minne anayaweza."

Siku moja chuoni, kwenye ngazi za kuelekea madarasa ya juu, mtu alimwita, "Mama! Shikamoo mama!" Alikuwa Kucha, ana mafaili kifuani, kucha bado fupi. Alikuwa anakaribia kumaliza digrii yake.

"Marahaba. Umekonda."

"Wanatusomesha kweli, mama." Kucha akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Mkeka haupo tena darasani. Shangazi aliukunja siku ileile. Uko stoo, nyuma ya makopo ya rangi. Alisema unaleta vumbi."

"Vumbi."

"Watoto walikuwa wanamwangalia, mama. Kila akiingia, wanamwangalia tu, wanangoja. Hakuweza." Akatazama chini, akaweka mafaili kwenye ngazi, akasimama mbele ya Mama Mkeka kama walivyokuwa wakisimama wale wadogo, mikono ubavuni. "Basi mama, kwa niaba yake. Nimesikia. Ni—"

Mama Mkeka akamwekea kiganja mdomoni kabla hajamaliza.

"Wewe ulipewa kiti ukakaa. Mtu hakatai kiti. Lakini hilo usilifanye. Nilipotezwa kwa kusemewa, sitaponywa kwa kusemewa. Mkekani hakuna niaba."

Kucha akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa blauzi. Mama Mkeka akamwacha alie, hakumsemesha, mpaka akamaliza. Kisha akampa mkoba wake.

"Nishikie, ngazi hizi zinaniua magoti. Na ukienda nyumbani, shangazi yako msalimie."

"Nimwambie nini?"

Alikuwa ameshaanza kupanda, mkono mmoja ukutani.

"Mwambie bado nimesimama."